Sukari, Sindano na Maji Niliyoyapuliza

Buluu! Leo asubuhi kipimo kimetoka buluu, jana buluu, juzi vilevile, na mimi ambaye hata kanisani huimba kwa kunong'ona nimepiga kelele mpaka kuku wa mama wakatawanyika. Kama hujui ninazungumzia nini, subiri nikueleze, maana naandika haya kwa ajili yako hasa: wewe uliyeambiwa una ugonjwa wa sukari, umekaa kwenye benchi la hospitali, na unaona haya kuuliza lolote. Kuona haya nakujua mimi. Nimesoma hadi darasa la tisa bila kunyoosha mkono hata siku moja. Yale ambayo mdomo ulishindwa niliyaandika kila jioni, na sasa nakupa wewe, hata yale ya kutisha. Yapo ya kutisha. Kuna majira nilitaka kufa. Nakuambia mapema usije ukashtuka mbele, na ujue tangu sasa kwamba anayeandika yuko hai na ana njaa.

Naitwa Gwamaka, nyumbani kwetu ni Ipyana. Ugonjwa ulinikuta shuleni, huko juu milimani kwenye baridi, wakati wa masika. Ulianza na kiu. Si kiu ya mtu aliyelima. Nilikunywa kata nne za maji nikiwa nimesimama palepale penye pipa, na kabla sijafika bwenini koo lilikuwa limekauka tena. Halafu maji yote yale yakataka kutoka. Nikawa mtu wa kutoka nje na kurudi, kutoka na kurudi, hadi wenzangu wakaanza kunitania. Siku moja mmoja wao aliona sisimizi wamejipanga pale nilipokojoa. Bweni zima likasikia.

"Jamani, Gwamaka amefungua duka la sukari!"

"Muulizeni kama anakopesha!"

Nilicheka nao. Ningefanya nini? Lakini kaptura ilikuwa inanishuka, nikaikaza kwa kamba ya mgomba. Ubao ukawa na ukungu kama ziwa asubuhi. Mdomo ukanuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Siku moja nikaanguka wakati wa mstari wa asubuhi, na kilichofuata sikijui mpaka nilipofumbua macho hospitali ya misheni, nikiwa na sindano mkononi na mwanamke wa Kinyakyusa mwenye kitambaa cheupe kichwani ananisalimia kwa lugha yetu, "Ugonile, kijana. Umelala sana wewe." Huyo ndiye Nesi Atupele.

Baba yangu alikuja kwa miguu, nusu ya njia akapata lori la mpunga. Kwetu baba tunamwita tata. Tata ni mzee wa kanisa, lakini kabla hajaketi aliuliza swali ambalo kila mzazi wa kwetu angeuliza.

"Nani amemkasirikia mwanangu?"

Wewe wa mbali hutaelewa, kwa hiyo nakueleza. Kwetu, mtu akiugua ghafla, watu hutafuta anayemnung'unikia. Manung'uniko ya majirani yana pumzi, ndivyo tunavyoamini, na pumzi hiyo humwingia mtu ikamtia baridi, akakonda. Tata angekana mbele ya mchungaji, lakini anaamini.

"Hakuna aliyemkasirikia, tata," Nesi Atupele akamjibu kwa heshima, akiwa amepiga goti kidogo. "Kongosho lake limechoka."

"Kongosho ndiye nani?"

Elimu ya ugonjwa kwetu iliishia hapo, nami sitajaribu kuiendeleza. Nitakuambia tu mambo ya mikono. Unachemsha bomba la kioo na sindano kwenye kisufuria. Sindano ikiwa butu unainoa taratibu kwenye jiwe laini, la sivyo paja litakuambia. Unabadilisha mahali pa kuchoma, maana ukichoma palepale panavimba kama kiazi. Kabla ya hapo unachemsha mkojo kidogo pamoja na ile dawa ya buluu. Ikibaki buluu, sukari imetulia. Ikigeuka kijani, angalia. Ikiwa njano, ole wako. Ikiwa nyekundu kama tofali, mwili wako umejaa sukari na damu yako inakuwa kama togwa. Nesi Atupele alinifanya nirudie kila hatua mbele yake. Nilipoichelewesha sindano juu ya paja, akasema, "Choma kijana, paja halikimbii."

Nilirudi nyumbani wakati mpunga unavunwa. Mama alikuwa ameshakwenda ufukweni Mwaya, kwa wale wanawake wa Kikisi wanaoleta vyungu kwa mitumbwi, akanunua chungu kipya kidogo chenye mfuniko. Alikijaza mchanga, akaulowesha, akakiweka uvunguni mwa kitanda changu, na humo ndimo chupa ya insulini, ile dawa ya sindano, ilimolala, kwenye ubaridi, kama yai. Kila asubuhi aliunyunyizia ule mchanga maji kabla hajamnyunyizia mtu maneno.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Kwetu wavulana wa rika moja hula pamoja. Leo tunakula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, sahani moja, mikono yote humo. Rika langu ni watano: mimi, Ambakisye ambaye ni mkubwa kuliko sisi sote kwa mwili na kwa sauti, Lwitiko mwenye mzaha, na mapacha wawili wa jirani. Mtu anayekula peke yake kwetu ana jina lake, na si jina zuri. Kula pamoja ndio utu wetu. Nilipofika, wa kwanza kutulisha alikuwa mama yake Ambakisye: wali wa mpunga mpya, na uji wa ndizi mbivu, mtamu, mzito. Nesi alikuwa ameniambia wali kidogo, tena kwa saa maalumu baada ya sindano, na ndizi mbivu nizisahau.

Ningesema tu. Maneno machache. Lakini niliona haya, jamani! Nilikuwa nimewaambia nilirudishwa kwa sababu ya malaria. Kujichoma sindano kama maksai, kukojolea kichupa, mambo hayo ningewaambiaje? Nikasema, "Nimeshiba, mama."

"Umeshiba? Kwa nani?"

Nikaaga nikaondoka. Kesho yake nikashiba tena. Na keshokutwa. Nyumbani nilikula nyuma ya jiko, peke yangu, samaki wa kuchoma na maharage, nikiwa na kisahani changu kama paka. Mapacha waliniona. Baada ya hapo hakuna aliyepita kuniita. Nikisikia vicheko vyao upande wa migomba, najua wanakwenda kula kwa nani.

"Msomi hali chakula cha mama zetu," Lwitiko alisema siku moja nikipita, kwa sauti ya kutosha.

Kiangazi kikakauka. Kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani, wakainuka kama moshi, watu wakawakamata kwa vikapu wakakaanga, na mimi sikwenda. Sikwenda popote. Na hapa nataka uniangalie kwa makini, wewe unayesoma, kwa sababu hili hakuna aliyekuwa ameniambia. Siku ambazo kipimo kilikuwa tofali ndizo siku nilizoamka nikiuchukia hata mwanga. Kichwa kizito, miguu mizito, kila sauti inanichoma. Na kwa kuwa nilikuwa na moyo mzito, sikupima tena vizuri, sikujali saa ya kula, sikujali mchanga wa mama umekauka au haukukauka. Kesho yake, tofali tena. Nilikuwa nazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, kamba inazidi kufupika.

Nyumbani nako walivutana kwa ajili yangu. Tata alitaka kuchinja ng'ombe, awaite majirani wale, waseme mazuri, pumzi mbaya iniondoke. Mama alisema, "Ng'ombe hawezi kuingia kwenye sindano, Baba Gwamaka." Tata akanyamaza siku mbili, na kunyamaza kwa tata ni kubaya kuliko kugomba kwa mtu mwingine. Nikawa nafikiri: nisingekuwepo, hawa wangekaa kwa amani. Mwanzoni nililifikiri kama mtu anavyofikiri habari za mvua. Baadaye nikalifikiri kila siku. Nilikuwa nimeamini pia kwamba rika langu linaninung'unikia, kwamba pumzi yao ndiyo inayonimaliza, na kwamba wana haki. Nilitaka kufa. Naliandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, na kwa sababu huenda na wewe unalo sasa hivi na unadhani ni wewe pekee duniani.

Tata hakuchinja ng'ombe. Alifanya jambo jingine bila kuniambia. Mvua za kwanza zilipokuwa zimenyesha, alasiri moja, nilitoka ndani nikakuta rika langu lote limeketi uani, wameinama kama watu wa msibani. Tata alikuwa amewafuata mmoja mmoja kwa mama zao, yeye mtu mzima, akawaambia, "Mwenzenu anakwisha. Mwenye neno aje alitoe."

Hii ndiyo desturi. Mtu akiugua, mwenye hasira naye huisema mbele yake, wazi, kisha hunywa funda la maji na kuyapuliza chini. Maji yakitoka, hasira imetoka. Mama alileta kibuyu. Alikitua katikati, akarudi nyuma.

Ambakisye akakichukua kwanza. Sauti yake kubwa ilikuwa imepotea.

"Gwamaka, mimi nilikasirika. Mama yangu aliutwanga ule mpunga mpya kwa ajili yako. Alisema, mwenzenu amekonda, leo atakula. Ukasema umeshiba. Mama alilia. Nikasema moyoni mwangu, basi na akale vitabu. Ndilo langu hilo." Akanywa, akapuliza, pfuu, vumbi likaruka.

Mapacha wakapuliza pamoja, sijui hata walisema nini, walisema wote kwa mara moja.

Kibuyu kikafika kwa Lwitiko. "Mimi nilitangaza kwamba wewe ni mlevi. Kwa sababu mdomo wako ulinuka pombe ya ndizi. Nikaongeza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" Ambakisye akamuuliza.

"Nilisema alifukuzwa shule kwa ajili ya pombe. Na alimpiga mwalimu."

Nilicheka! Mimi, kumpiga mwalimu! Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mavuno, na kicheko kile sijui kilifungua nini kifuani, kwa sababu Ambakisye aliponipa kibuyu na kusema, "Na wewe sema lako," na mimi nikasema, "Mimi ndiye mgonjwa," naye akasema, "Kwani mgonjwa hana hasira?" basi mdomo ukafunguka.

"Sina malaria. Nina ugonjwa wa sukari. Najichoma sindano kila siku, nitajichoma mpaka mwisho. Nikila ndizi zile na wali ule naweza kuzimia. Nilitaka kula na ninyi. Niliona haya kusema. Niliwakasirikia kwa kuwa hamkuniuliza."

Nikainua kibuyu ninywe. Sikuweza. Kulikuwa na neno jingine mbele ya maji.

"Na nataka kufa," nikasema.

Mama alitoa sauti ambayo sitaki kuiandika. Tata akasimama, akaketi, akasimama. Mimi nikatazama miguu yangu, nikajua nimeharibu kila kitu, sasa watakimbia wote. Ambakisye akaja akaniwekea mkono begani, mkono mzito kama gunia.

"Lile la ndizi lipulize," akasema. "Hili usilipulize hapa. Hili ni kubwa, tunalipeleka hospitali. Tutakwenda wote."

Nikanywa. Nikalipuliza lile la ndizi.

Usiku ule Ambakisye na Lwitiko walilala chumbani mwangu, mmoja kila upande, wakikoroma kama viboko. Asubuhi tukaondoka: tata, mimi na rika zima. Msururu wetu ulikuwa mrefu hata kwenye benchi la hospitali wagonjwa wengine ikabidi wasogee. Benchi lile! Nimekaa juu yake saa nyingi kuliko nilizokaa kanisani. Harufu ya dawa ya kusafishia, watoto wanaolia, mlango unaofunguka na kila mtu anainua kichwa. Siku ile Lwitiko alikuwa anamwambia kila anayeingia, "Ugonile. Sisi sote tumekuja na ugonjwa mmoja," mpaka tata akamfinya.

Nesi Atupele alinichukua peke yangu. Akapima. Tofali, bila shaka. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu, akauliza kwa sauti ileile anayoulizia vidonda vya miguu:

"Rafiki yako ameniambia. Unataka kufa. Wazo hilo linakuja kila siku?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Liko hapa sasa hivi?"

"Dogo."

"Vizuri umeniambia. Unalala ukiwa na nani?"

Hakushangaa! Huwezi kujua raha ya kumwambia mtu neno kama lile na asishangae. Nilidhani neno lile likisemwa litakua. Lilipungua. Aliniambia amewahudumia wengi wenye sukari ambao moyo huzama hivyo, wakubwa kwa wadogo, na wengi hawasemi, wanatabasamu tu na kuchukua dawa. Nikamuuliza swali langu la kwanza maishani kwa mtu mkubwa: je, ni sukari inayouzamisha moyo, au ni moyo unaoipandisha sukari?

"Vinasukumana," akasema. "Tutavishika vyote viwili. Ukishika kimoja tu, kingine kitakukimbia."

Akanilaza wodini hadi sukari ikatulia, na rika langu wakawa wanapokezana kukaa nami, kwa sababu alisema nisiachwe peke yangu, nao walilichukua agizo lile kama vita. Mpaka chooni walinisindikiza. Bwana Daktari, Mzungu mrefu anayesema "ndaga", asante ya kwetu, kwa kila kitu, hata kwa mlango, aliwakuta wanne kwenye kitanda kimoja, akatikisa kichwa, akasema "ndaga, ndaga," akaenda zake.

Tuliporudi, mama yake Ambakisye alikuwa wa kwanza kutuita. Nilifika nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Inua uso," akasema. "Sema unachokula, mwanangu. Mimi si nesi, lakini chungu ninacho."

Nikasema. Samaki wa ziwani, mbasa, wa kuchoma, maharage, majani ya maboga, wali kikombe kimoja. Akapika hivyo kwa wote, akawawekea wengine wali zaidi upande wao wa sahani, na uji wa ndizi akaupeleka kwa watoto nyuma. Sahani moja. Mikono yote humo! Na kwa kuwa mimi nakula kwa saa, rika zima linakula kwa saa. Nikimaliza kujichoma, Lwitiko husimama njia panda akapaza sauti, "Sindanooo!" na wote wanakuja. Sasa hata watoto wadogo wa Ipyana wakiona chakula kimeiva wanaita hivyo. Nesi Atupele aliposikia habari hii alicheka mpaka akajifuta machozi.

Sikudanganyi kwamba yote yamekwisha. Sukari huanguka pia. Tulikuwa shambani siku moja nikaanza kutetemeka na kumtukana Lwitiko, matusi ambayo sikujua ninayajua, halafu nikalia. Ambakisye alinishika kidevu akanimiminia chai yenye sukari nyingi kutoka kwenye chupa anayotembea nayo siku hizi. Baada ya muda mfupi nikarudi kuwa mimi. "Yale matusi," Lwitiko akasema, "yaandike, ni mazuri." Na lile wazo la kufa limenirudia mara kadhaa, hasa siku za njano. Tofauti ni kwamba sasa nikiliona nalisema, siku ileile, kwa yeyote aliye karibu. Mara moja nilimwambia tata. Tulikuwa tunafunga ng'ombe. Alikuja akafunga ng'ombe wangu pamoja na wake, halafu akakaa nami mpaka jua likaingia, akinisimulia alivyokuwa mtoto. Sikujua tata alikuwa mtoto mkorofi!

Basi ndugu yangu wa benchi, kama unalo neno hilo, usisubiri kuitiwa kibuyu. Mwambie mtu leo. Chagua hata asiyejua kujibu.

Na sasa habari ya furaha, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwezi ujao narudi shuleni, mwalimu mkuu amekubali. Lakini kwanza, kiangazi hiki, rika langu linajenga. Katika umri wetu kila mvulana hujijengea nyumba yake ya mianzi, na wenzake humsaidia. Nyumba za wenzangu zilianza mwaka jana. Mimi sikuwa nimekata hata mwanzi mmoja. Nilikuwa naona, nyumba ya nini?

Jana tulianza yangu. Mianzi imejaa uani, mapacha wanapasua, tope linarushwa kila upande, Lwitiko ana tope mpaka masikioni. Mimi nilipigilia vigingi vya kuonyesha ukubwa wa nyumba. Ambakisye akaja akazunguka, mikono kiunoni.

"Hii nini? Banda la kuku?"

"Nyumba yangu."

"Ndogo. Chungu cha dawa utaweka wapi?"

"Uvunguni."

"Na mke?"

Wote wakapiga kelele.

"Na watoto?" akaendelea. "Na sisi tukija kula? Tutakula tumesimama?"

Nikakitazama kile kigingi. Kisha nikaking'oa, nikapiga hatua kubwa kwenda nje, nikakipigilia upya, kwa nguvu, hadi kikazama.

"Bado," Ambakisye akasema.

Nikaking'oa tena.